Baridi ya Dakawa Hufumwa kwa Mkono: Vipande Kumi vya Blanketi la Julai

Mtu wa Dakawa akitangaza kwamba anafuma blanketi la majira ya baridi, majirani kwanza humshika paji la uso. Dakawa ni tambarare ya Mto Wami, wilayani Mvomero, kwenye barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, mahali ambapo feni hufanya kazi kuliko mwenye nyumba. Blanketi hapa hukaa juu ya kabati likisubiri mgeni, na mgeni akifika hulikunja likawa mto.

Hata hivyo baridi tunayo, ila si ya Desemba. Dakawa iko kusini mwa Ikweta kwa zaidi ya nyuzi sita, na huku kusini miezi ya ubaridi ni Juni, Julai na Agosti. Desemba ni joto, jasho na mawingu ya mvua. Sasa fungua mchoro wowote wa kroshia wenye mada ya baridi: theluji, Baba Krismasi, soksi inayoning'inia juu ya moto. Zote hizo ni picha za Desemba ya watu wa kaskazini, nasi tunazifuma kwa utii huku jasho likilowesha uzi. Orodha hii inagoma. Picha za baridi tuzifume, tena kwa mbwembwe, lakini ziwe za kipupwe chetu.

Masharti ni mepesi. Kila kipande ni mraba wa sentimita 20. Vipande vinne vinafunika upande mmoja wa mto wa kochi. Vipande 54, sita kwa tisa, vinatoa blanketi la mtu mmoja. Picha inachorwa kwanza kwenye daftari la hesabu lenye visanduku, na kila kisanduku ni mshono mmoja. Mama zetu hawahitaji somo hili: vile vitambaa vya makochi vyenye mabata maji na maua ya waridi vilifumwa kwa hesabu hiyohiyo, kisanduku kilichozibwa na kisanduku kilicho wazi. Angalizo moja tu: mshono mfupi si mraba kamili, upana wake huuzidi urefu kidogo, kwa hiyo picha hufupika na twiga akatoka mbuzi. Ongeza safu moja mbili.

Vipande kumi vinashindana, na jaji ni wifi yangu, mzaliwa wa Mgeta, kule juu Uluguru ambako Julai watu hulala na soksi. Kwa imani yake, watu wa tambarare hawana kibali cha kutamka neno baridi. Tunahesabu kutoka cha mwisho.

10. Mtu wa theluji

Nafasi ya kumi, na hata hiyo kaipata kwa kujuana. Miduara miwili imepandana, skafu shingoni, karoti badala ya pua. Dakawa angesimama saa moja asubuhi, na ikifika saa nne tungebaki na skafu na karoti.

Anayeanza kufuma picha hupendelea huyu kwa sababu anaonekana rahisi. Asidanganyike. Kwenye visanduku hakuna duara, kuna ngazi. Safu ya kwanza mishono mitano, ya pili tisa, ya tatu kumi na moja, halafu safu kadhaa bila kuongeza, kisha unashuka kwa hesabu ileile. Na idadi ya mishono iwe witiri, ili pua ipate kukaa katikati. Ukitumia shufwa, karoti itaegemea upande mmoja na mtu wako atakuwa na sura ya anayesikiliza umbea wa jirani.

*Wifi:* "Karoti ni yetu ya Mgeta, iacheni. Mwili mrudishieni mwenyewe."

9. Yule mnyama wa pua nyekundu, au tuseme pala

Kwenye michoro ya kaskazini kuna mnyama mwenye pembe za matawi anayevuta mkokoteni wa zawadi angani. Sisi hapa tuna Mikumi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa inaipasua katikati. Pala dume akisimama pembeni ya lami na zile pembe zake zilizojipinda, nani anahitaji mkokoteni unaoruka?

Tatizo la pembe ni wembamba wake. Ukizifuma kwa visanduku zinatoka nene na mnyama anakuwa amebeba matofali kichwani. Dawa ni kufuma mwili peke yake, kipande kikishakamilika unachukua sindano ya mkono na uzi mweusi, unazidarizi pembe juu yake. Mistari miwili ya kupinda, vijipingili vichache, basi. Pua nyekundu mwekee ukipenda. Pala hana kawaida nayo, lakini kipupwe humpa mafua kila mtu.

*Wifi:* "Ukimkosea pala wa uzi, unafumua. Ukimgonga yule wa Mikumi, unalipa faini."

8. Chembe ya theluji

Theluji ya Tanzania ina anwani moja, kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 juu. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona mwaka 1848 na kuandika habari zake. Mwanajiografia William Desborough Cooley, aliyeketi zake London, akambishia kwa miaka. Mabishano ya namna hiyo tunayajua: aliyeona kwa macho amesimama, aliye mbali ndiye mwenye uhakika.

Kwa mfumaji, ubishi wa chembe ya theluji ni wa hesabu. Chembe ina mikono sita. Johannes Kepler aliandika kijitabu kizima mwaka 1611 akijiuliza kwa nini sita, na mkulima wa Vermont, Marekani, Wilson Bentley, aliyeanza kuzipiga picha mwaka 1885, alikusanya picha zaidi ya 5,000 bila kutoka nje ya hiyo sita. Sababu iko ndani ya maji yenyewe: yakiganda, chembechembe zake hujipanga kwa pembe sita. Mraba wetu nao una kona nne. Ndiyo maana michoro mingi ya visanduku huchakachua na kutoa chembe ya mikono minane, kitu ambacho mbingu haijatuma.

Njia halali ipo, nayo ni namba 12. Achana na visanduku, anzia katikati. Piga kitanzi, weka mishono sita, safu inayofuata ifanye kumi na mbili. Kumi na mbili inagawanyika kwa sita, kwa hiyo mikono inaota kila baada ya nafasi moja. Inagawanyika pia kwa nne, kwa hiyo ukimaliza mikono kwa uzi mweupe unazungushia wa bluu na kuifanya kila nafasi ya tatu iwe kona. Sita imeingia ndani ya nne na hakuna aliyeumia.

*Wifi:* "Hesabu hii ingefundishwa kwa kroshia, nisingemkimbia mwalimu."

7. Mraba wa shuka la Kimasai

Wafugaji wa Kimasai na Kiparakuyo wanaoishi nyanda hizi za Mvomero ndio walioutatua mjadala wa hali ya hewa zamani. Shuka ni lilelile, liwe jua la adhuhuri au upepo wa alfajiri ya Julai. Na michoro yake tayari ni visanduku: nyekundu, mistari myeusi au ya bluu, njia panda kila baada ya vidole vichache. Hapa daftari la hesabu linapumzika.

Kipande hiki ndicho shule ya kubadili rangi, na siri yake iko mahali padogo sana. Mshono wa mwisho wa rangi nyekundu usiumalize na nyekundu. Chomeka kroshia, vuta uzi, ukiwa na vitanzi viwili juu ya kroshia simama. Dondosha nyekundu, shika nyeusi, na hiyo nyeusi ndiyo uivute kupitia vitanzi vyote viwili. Mshono unaofuata utazaliwa mweusi tangu kichwani. Ukisubiri hadi mshono mwekundu uishe ndipo ubadili, utapata ncha nyekundu inayochungulia juu ya jirani yake, na mstari wako ulionyooka utakuwa na meno.

*Wifi:* "Mmasai akikiona atauliza fimbo umeiweka wapi."

6. Kikombe chenye mvuke

Kaskazini wana kinywaji cha chokoleti na vipande vyeupe vinavyoelea. Hapa hoja ni chai ya tangawizi, na viungo havisafiri mbali: upande wa mashariki wa Uluguru, Kinole hadi Matombo, wanalima mdalasini, karafuu na pilipili manga. Chai ya aina hiyo ukiinywa saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba, masikio yenyewe yanasema asante.

Kikombe ni mstatili na mkono wake ni herufi C. Hata mtoto wa darasa la pili anakichora. Utamu uko kwenye mvuke. Usiufume ndani ya picha, kwa sababu mvuke wa visanduku hutoka ngazi za ghorofa. Kipande kikiisha, weka uzi mweupe kwa nyuma, chomoza kroshia kutoka mbele, vuta kitanzi juu, songa tundu moja, vuta kingine kupitia cha kwanza. Mnyororo unatembea juu ya kitambaa na unaupeleka utakako, ukiyumba kushoto na kulia. Mistari mitatu inatosha. Ukiweka saba, watu watadhani nyumba inaungua.

*Wifi:* "Na kitumbua kiko wapi? Picha ya chai kavu ni picha ya mwisho wa mwezi."

5. Chozi wa Uluguru

Kadi za Krismasi za Uingereza zina ndege mdogo wa kifua chekundu aliyetua juu ya theluji. Ni mzuri, Mungu ambariki. Lakini sisi tuna chozi ambaye duniani kote anaishi mahali pamoja tu, misitu ya Milima ya Uluguru. Wataalamu humwita *Cinnyris loveridgei*, kwa heshima ya Arthur Loveridge, Mwingereza aliyekuwa akikusanya wanyama Tanganyika. Dume lake lina kijani kinachometa, utepe wa zambarau kifuani, kisha chungwa na njano tumboni. Huyo ndiye ndege wa baridi: anaamkia ukungu na halalamiki.

Rangi nyingi maana yake mabonge mengi ya uzi, na mabonge matano yakizunguka pamoja yatafunga ndoa ambayo Bakwata wala kanisa hawawezi kuivunja. Usifanye kazi na mabonge. Kata vipande vya boksi vya ukubwa wa kiberiti, zungushia kila rangi kiasi chake, vibane na vibanio vya nguo, viache vining'inie nyuma ya kazi. Ukifika mwisho wa safu unageuza kitambaa, safu hii kulia, ijayo kushoto, ili uzi usijisokote. Domo lake refu lililopinda, kama pembe za pala, linadariziwa mwishoni.

*Wifi:* "Huyu nampa alama zote. Ni mtu wa kwetu."

Upendeleo wa jaji umenukuliwa kwenye kumbukumbu za mashindano.

4. Jiko la mkaa

Badala ya lile tanuri la ukutani lenye soksi, jiko letu. Mwili wa bati la kijivu, kiuno chembamba, mdomo mpana, na juu yake mkaa: mweusi, mwekundu, chungwa, mweusi tena, bila mpangilio. Ni kipande kinachosamehe makosa yote, kwa kuwa hakuna mkaa uliowahi kujipanga.

Jambo la kuangalia ni uzi unaosafiri. Rangi usiyoitumia unailaza juu ya safu na kuifuma ndani, isubiri zamu yake. Nyeusi ikifichwa ndani ya chungwa inachungulia na kulitia kiwingu. Penginepo ni kosa. Hapa ni majivu, acha.

Na sasa tusiwe na mzaha kwa sentensi chache. Usiku wa Julai kuna watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha na kulala. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Jiko libaki nje. Blanketi lako la uzi wa plastiki nalo lisilisogelee, maana cheche moja huyeyusha tundu. Ukitaka uzi usioyeyuka chukua wa pamba. Ni mzito ukilowa, lakini kwa hali ya hewa ya Dakawa ndio unaopumua.

*Wifi:* "Kwa hiyo hili la kufuma ndilo jiko pekee la kulala nalo." Ndilo. Hapo wifi kasema kweli, na imerekodiwa.

3. Bondwa na ukungu wake

Michoro ya kaskazini huweka milima yenye kofia nyeupe. Ukitoka Dakawa kuelekea mjini Morogoro mwezi wa sita, Uluguru nayo imevaa nyeupe, ila ni ukungu. Kilele cha Bondwa, zaidi ya mita 2,000, kina minara ya mawasiliano. Nyuma zaidi kuna Kimhandu, zaidi ya mita 2,600. Kutoka kwenye mawingu hayo ndiko Mto Ruvu unakopata maji yake, na Dar es Salaam inapata ya kuoga. Mkazi wa jiji anayecheka mablanketi ya Morogoro afunge kwanza bomba.

Mlima unafumwa kwa mshazari. Unaanzia kona moja ya mraba na kijumba kimoja cha mishono mirefu mitatu. Safu ya pili vijumba viwili, ya tatu vitatu, hadi ufike katikati, kisha unapunguza kimojakimoja hadi kona ya pili. Rangi ukiibadilisha katikati, kijani chini na kijivu juu, mteremko unatoka wenyewe bila daftari. Kipande kimoja kina mteremko mmoja. Fuma cha pili, kigeuze kitazamane na mwenzake, waunganishe: mlima mzima. Ukungu ni safu mbili za uzi mweupe zinazokatiza, na minara ya Bondwa ni nyuzi mbili za kudarizi juu kabisa.

*Wifi:* "Umesahau njia ya kupandia." Nimeisahau makusudi, wifi. Magoti yangu ni ya tambarare.

2. Suke la mpunga

Hapa wifi alipinga hadharani. Mpunga na baridi wapi na wapi?

Jibu liko kwenye kalenda. Mpunga wa mvua Dakawa unaiva wakati kipupwe kinaingia, na kuiva kwake kunawaita kwelea kwelea. Ndege hao hawafanyi kazi saa za ofisi. Wanashuka alfajiri, na mwenye shamba anatakiwa awe amewatangulia, juu ya dungu, na kopo la kugonga na kombeo, umande ukimpanda miguuni na upepo wa Wami ukimpita mbavuni. Muulize mtu anayeamia ndege saa kumi na moja alfajiri ya Juni kama Dakawa hakuna baridi. Atakuomba blanketi kabla hajakujibu.

Na mpunga si mapambo tu hapa, ni cheti cha kuzaliwa. Mbegu ya SARO 5, wanayoilima wakulima wengi nchini, jina lake la kitaalamu ni TXD 306, na hiyo D ni Dakawa, penye kituo cha utafiti wa kilimo.

Suke linafumwa kwa vinundu. Kwenye tundu moja piga mishono mirefu mitano, lakini kila mmoja uuache na kitanzi chake cha mwisho juu ya kroshia. Ukifikisha mitano, vuta uzi mara moja kupitia vyote. Punje inatuna juu ya kitambaa, unaweza kuihesabu gizani kwa kidole. Panga vinundu vya dhahabu kwa zigizaga, bua la kijani liiname kidogo chini ya uzito. Suke lililosimama wima ni pepe, na mkulima atakuumbua.

*Wifi:* "Sawa, nimeshindwa. Lakini mchele mpya unashikamana, mtuletee wa mwaka jana."

1. Nyota ya ncha nane

Namba moja ni picha ya baridi halisi, kutoka nchi ya theluji halisi, na Dakawa ina haki nayo kuliko kijiji chochote cha tambarare ninachokijua. Haki hiyo ina historia.

Tarehe 16 Juni 1976, katikati ya majira ya baridi ya Afrika Kusini, wanafunzi wa Soweto waliandamana na kupigwa risasi. Vijana wengi walikimbia nchi. Tanzania ikawapa wale wa chama cha ANC eneo la Mazimbu, Morogoro, ikajengwa shule iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mazimbu ilipojaa, mwaka 1982 serikali ikatoa ardhi nyingine: Dakawa. Na waliokuja kusaidia kupanga na kujenga makazi hayo walikuwa, miongoni mwa wengine, Wanorwei wa shirika la Norsk Folkehjelp. Wenye theluji yao wakaja kwenye jua la Wami, kuwajengea watu ambao kwao baridi ni Julai. Dakawa ndipo baridi mbili zilipokutania, na hakuna aliyekuwa na haja ya sweta mchana.

Uzi nao ulikuwepo. Miaka ya 1980 Dakawa palikuwa na mradi wa sanaa na ufundi, uliosaidiwa na Waswidi, ukiwafundisha wakimbizi kufuma kwa mtambo na kuchapa vitambaa. Maisha ya uhamishoni yalipokwisha, mradi ukahamia Grahamstown, mji unaoitwa sasa Makhanda, na ukabeba jina la Dakawa hadi Afrika Kusini. Mwaka 1992 ANC ilikabidhi makazi yote kwa serikali ya Tanzania. Leo Mazimbu ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na Dakawa imebaki na shule na chuo cha ufundi.

Sasa picha yenyewe. Selbu, Norwei, husimuliwa kwamba msichana Marit Guldsetbrua alikwenda kanisani mwaka 1857 na glavu za nyeusi na nyeupe zenye waridi la petali nane. Kijiji kizima kikamuiga, na nyota hiyo ikawa nembo ya baridi kote kaskazini. Mtu wa pwani akiiona atasema ni ya kigae cha msikitini, naye hakosei sana, kwani ncha nane zimezunguka dunia kwa njia zaidi ya moja.

Kwa mfumaji ni zawadi. Nane ni watoto wa nne: nyota hii inaukaa mraba bila kubishana, tofauti na chembe yetu ya nafasi ya nane. Chora robo moja tu kwenye daftari, visanduku kumi na kimoja kwa kumi na kimoja. Kila petali ni msambamba ulioinama, unasogea kisanduku kimoja kila safu. Igeuze robo hiyo ikutazame kwenye kioo, kisha zipindue zote mbili kichwa chini. Mstari wa katikati hutumika pamoja, kwa hiyo picha nzima inatoka 21 kwa 21. Fuma kwa kwenda na kurudi. Ukifuma kwa kuzunguka upande mmoja, mishono mifupi hulala kidogo upande, na nyota nzima itaonekana inaondoka.

*Wifi,* baada ya kimya ambacho si kawaida yake: "Hii nifumie mbili."

Kuunganisha, na neno la urithi

Vipande vikishatimia, osha, bandika kila kimoja kwenye godoro kwa pini mpaka kikauke kikiwa na sentimita zake 20, kisha unganisha safu kwa safu, namna ukili unavyoshonwa kuwa mkeka. Mzunguko mmoja wa rangi moja kuzunguka kila kipande unawapatanisha pala, jiko na nyota wasionekane wamekutana stendi.

Kama 54 zinakutisha, waite wenzako. Desemba 2013, huko Afrika Kusini, Zelda la Grange, aliyekuwa msaidizi wa Nelson Mandela, alimpa changamoto Carolyn Steyn afume mablanketi 67, moja kwa kila mwaka Mandela aliotumikia umma, kwa ajili ya wenye kuona baridi, yatolewe Siku ya Mandela, tarehe 18 Julai. Mtu mmoja hawezi, kwa hiyo akaomba msaada, na vipande vikaanza kuja. Mwaka 2015 walitandaza blanketi la zaidi ya mita za mraba 3,000 kwenye majengo ya serikali Pretoria; mwaka 2016, kwenye gereza la Drakenstein alikotoka Mandela, zaidi ya mita za mraba 17,000. Kwa kipande chetu cha sentimita 20, mita moja ya mraba hula vipande 25. Piga hesabu: zaidi ya 425,000. Wewe unalia na 54.

Anza Aprili, mvua ikikufungia ndani, na kipupwe kitakukuta umemaliza. Kuhusu mwenye blanketi, wifi ameshatoa hukumu. Kwa mila za Waluguru ukoo hufuata mama, na mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake. "Kwa hiyo, wifi yangu, fuma kwa bidii. Likishaingia nyumbani kwa kaka yangu, mrithi ni mwanangu."

Vizuri. Mrithi aje na sindano: nyuma ya kila kipande kuna ncha za uzi za kufichwa, na hizo nazo ni mali.